Wekundu Kulia, Njano Kushoto

Nyie vijana wa chumba cha moyo mliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa maelekezo ya mashine ya kupimia moyo, muubandike ukutani kabla sijaondoka. Nimeondoka, ukurasa haukubandikwa, na hiki ndicho kilichotoka. Mkitaka kukibandika itabidi mtafute ukuta mwingine. Mie nimestaafu, nina chai yangu ya tangawizi hapa Tabata, na hakuna mtu anayegonga mlango kuuliza foleni inaishia wapi.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo vilichelewa kufika na mishahara iliwahi kuisha, hilo mnalijua wenyewe. Nianze na siku ya kwanza.

Baba yangu alikuwa na duka Temeke, kutwa anapima sukari na unga kwenye mizani. Ndugu zake wote, Waarabu wa dukani tangu enzi za babu, walidhani nami nitaishia nyuma ya kaunta. Nikaenda uuguzi. Nilikuwa wodi ya wanawake matroni aliponiita, akasema niende chumba cha moyo kwa wiki moja tu, kwa sababu akina mama wanakataa kuvua nguo mbele ya mzee wa kule. Hiyo wiki moja imeisha mwaka huu.

Mzee wa kule alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sweta la kijivu alilovaa Dar es Salaam mwezi wa pili bila aibu. Alinionyesha mashine, pangaboi, kitanda na wembe, kwa mpangilio huo, kisha akaniachia mgonjwa wa kwanza. Alikuwa muuza nyama wa Mwananyamala, kifua kimejaa nywele kama zulia. Siku hizo hatukuwa na hizo stika mnazobandika nyie. Tulikuwa na vikombe vidogo vya mpira vya kunyonya ngozi. Nikibandika cha kwanza, nikienda cha pili, cha kwanza kinaruka. Cha tatu kikaruka mpaka dirishani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, muuza nyama naye akacheka, kifua kikatikisika, vikaruka vyote vilivyobaki. Mzee Ngonyani alisubiri tumalize. Akanipa wembe, akasema, “Kucheka si dhambi, lakini mstari ukitikisika, daktari atatibu kicheko chako.”

Kisha akanifundisha waya. Sita za kifuani zina namba, hata mtoto anaziweza. Nne za mikono na miguu ndizo zinazoaibisha watu wazima: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Nilizichanganya siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Mzee Ngonyani akaniuliza nashabikia timu gani. Majina siyataji, mjini hapa wastaafu nao wanapigwa, lakini rangi mnazijua. Akasema: wekundu kulia, njano na kijani kushoto, juu na chini, mweusi ni refa, mwache peke yake mguu wa kulia. Sikusahau tena. Ila iliniuma, jamani. Mie ni wa njano na kijani tangu tumboni mwa mama, na mkono wa kulia ndio wa kushika tonge, wa kupokea mgeni, wa kuapa. Wa kushoto kazi yake mnaijua. Kila asubuhi, kwa kila mgonjwa, nimewapa mahasimu wangu mkono wa heshima, na nimefanya hivyo mpaka nywele zimeota mvi.

Mambo madogo ya kazi ni haya. Watu wa pwani hujipaka mafuta ya nazi wakija hospitali ili wapendeze, na kibanio hakishiki kwenye mafuta. Futeni kwa spiriti na msiwaseme. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, zimeni pangaboi kwanza, ndiyo muite daktari. Na mwanamume akiuliza kama mashine inaonyesha kila kitu kilichomo moyoni, mtoeni mkewe nje kabla ya kujibu. Nilikuwaga na mmoja, mkewe kakaa palepale kwenye kiti, yeye kalala kitandani jasho linamtoka, mapigo mia na kumi. Nikamwambia mashine haisomi majina. Yakashuka mpaka themanini nikiwa naangalia. Mkewe naye aliona.

Lakini somo kubwa lilitoka kwa muuza mkaa. Aliletwa na kidole kilichooza kwa kubanwa na mnyororo wa baiskeli, daktari akataka moyo upimwe kabla hajachomwa sindano ya usingizi. Mapigo arobaini na mawili kwa dakika. Mtu wa kawaida ana sitini, sabini, themanini. Nilitoka mbio kumwita daktari, Mzee Ngonyani akanidaka mkono wa gauni. Akamgeukia yule baba, akamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anapakia magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli, anaendesha kutoka Kisarawe mpaka Temeke, siku sita kwa wiki, mwaka wa tisa huu. Moyo wake ulikuwa na nguvu kiasi kwamba pigo lake moja lilifanya kazi ya mawili yangu. Mzee Ngonyani akaniambia, “Kabla hujasema moyo unaumwa, uliza miguu inafanya kazi gani.” Alipostaafu akarudi Songea, aliniachia sentensi hiyo na wembe. Sweta aliondoka nalo.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo langu, na msinikatize.

Ilikuwa Jumatatu, miaka michache iliyopita. Jumamosi yake tuliwafunga wekundu mawili bila, na Jumapili sikulala kwa furaha. Niliingia kazini na khanga ya njano na kijani chini ya sare, naimba. Nilipita makusudi mbele ya chumba cha eksirei, kwa Hamza, mwekundu wa kuzaliwa, nikamwamkia shikamoo ingawa namzidi miaka kumi. Hakuitikia. Siku ilianza vizuri sana.

Mgonjwa wa tatu alikuwa Paskalina, msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Mbulu, mwembamba, mpole, anaishi Tegeta kwa mjomba wake, Mwalimu Safari. Mjomba mwenyewe alikuwa naye, ameshika fomu kwa mikono miwili. Paskalina alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Amechaguliwa kwenda kambi ya mazoezi, na kutoka kambini ndiyo wanateuliwa wa kwenda kukimbia nje ya nchi. Klabu ilitaka fomu irudi Ijumaa, imesainiwa na daktari kwamba moyo hauna tatizo. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba ameona kwenye simu watu wakisema mioyo ya wakimbiaji inapanuka, inapanuka, mwisho inapasuka. Akaniuliza kama nitauona ukiwa umepanuka. Nikamwambia alale, tutauona.

Nilimfunga waya naimba. Nikatoa karatasi naimba. Sikuiangalia. Mie niliyewapiga vidole nyie wote, kwamba karatasi haitoki chumbani kabla hujaikagua mstari wa kwanza, niliipeleka kwa daktari naimba.

Daktari wa zamu alikuwa Dokta Mushi, kijana mzuri, wiki yake ya pili kwetu. Baada ya robo saa nilipita mlangoni kwake nikamkuta Mwalimu Safari anafuta machozi kwa tai. Paskalina amekaa wima, mikono mapajani. Dokta Mushi alikuwa anawaeleza taratibu, kwa huruma kabisa, kwamba moyo wa binti umekaa upande wa kulia wa kifua, jambo la kuzaliwa nalo, na tena unapiga mara thelathini na nane tu kwa dakika. Alazwe leo, na asikimbie tena mpaka apimwe kila kipimo kilichopo mjini.

Moyo upande wa kulia. Niliingia bila hodi, nikaichukua karatasi mezani, nikaangalia mstari wa kwanza: umesimama kichwa chini. Nikafumba macho, nikauona mkono wangu mwenyewe asubuhi ile, unachukua kibanio cha njano, mshindi wa Jumamosi, na kumpa mkono wa kulia. Nyekundu nikaitupa kushoto. Mkono ulifanya ambacho roho ilikuwa inakitaka miaka yote.

Ningeweza kusema mashine ina hitilafu. Mashine zetu zina hitilafu kila siku, nani angejua? Lakini yule mjomba alikuwa bado na tai machoni. Nikasema mbele yao wote: nimegeuza waya, kwa sababu ya mpira, moyo wa huyu binti uko pale Mungu alipouweka. Dokta Mushi akaniuliza mpira gani. Nikafungua kifungo cha sare nikamwonyesha khanga. Mwalimu Safari, mtu wa watu, akaanza kucheka huku bado analia, akapaliwa, tukamletea maji.

Tukarudia. Mara hii niliweka waya nikitaja rangi kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Moyo ukarudi kushoto. Mapigo yakabaki thelathini na nane.

Dokta Mushi hakutaka kusaini, na mie simlaumu. Nikamweleza habari ya muuza mkaa. Nikasema tuuulize huo moyo wenyewe: tumpandishe ngazi, kama ni mgonjwa utashindwa kukimbia, kama ni mzima utapanda mbio na kushuka mbio. Tukatoka wote wanne. Paskalina akapanda ghorofa tatu na kushuka, mara tano, viatu mkononi, huku wagonjwa wa foleni wanahesabu pamoja na wengine wanamshangilia bila kujua anashangiliwa kwa lipi. Nikampima. Mia na hamsini na tano, safi, pigo kwa pigo. Baada ya dakika mbili, sabini. Dokta Mushi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aripoti kazini. Hamza alichungulia kutoka eksirei. Habari za khanga zilikuwa zimeshamfikia, na alikuwa na sura ya mtu aliyerudishiwa yale mabao mawili.

Nilirudi na Paskalina chumbani kumpima mara ya mwisho, ili karatasi ya kubandika kwenye fomu iwe nzuri. Nilifika kwenye mguu wa kushoto, kibanio cha kijani, changu mwenyewe. Kabla sijakibana, kidole gumba changu kiligusa mfupa wa muundi, kidogo tu juu ya kifundo. Akavuta pumzi, akashika ukingo wa kitanda. Mtu haumii kwa kuguswa namna ile. Nikagusa tena palepale, pana upana wa sarafu. Machozi yakamtoka.

Nikafunga mlango. Nikamwambia asimame kwa mguu ule aruke mara moja. Akakataa. Nikamuuliza toka lini. Wiki mbili. Nikamuuliza anakula nini. Chai ya rangi na chapati nusu asubuhi, jioni mboga, kwa sababu kocha wa zamani alimwambia kupungua kilo moja ni kupunguza dakika moja. Nikamuuliza siku zake za mwezi. Miezi minane hajaziona, na alidhani ni zawadi ya mazoezi. Loh. Niliketi kitandani pembeni yake.

Akanishika mkono. “Mama, naomba,” akasema. “Fomu imeuliza moyo. Mguu haijauliza.”

Alikuwa anasema kweli. Nimeisoma fomu ile mara tatu, ina kiboksi cha moyo tu. Na kazi yangu ni moyo. Mguu una watu wake. Isitoshe nilikuwa na deni la lawama kwake, asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetaka kumzika kwa sababu ya mabao mawili. Kulikuwa na kambi, kulikuwa na ndege, kulikuwa na mama yake Mbulu ambaye ameshaambiwa. Ningenyamaza, angetoka pale anacheka, na mie ningerudi kwa Hamza nikiwa nimeinua kichwa kidogo. Nawaambia ukweli, nilinyamaza muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

“Fomu haijauliza mguu,” nikamwambia, “kwa sababu fomu haina mguu. Wewe unao miwili, mwanangu, na unaihitaji yote.”

Nikaenda nikamwambia Dokta Mushi. Akaagiza picha. Hamza akaipiga kwa umakini wote, akaitoa: safi, mfupa mzima. Mwalimu Safari akasimama kushukuru. Paskalina akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuangaliwa nalo hata na mahabusu tuliowapima. Moyo nilimgeuzia, mguu nimemsingizia, mara hii nilikuwa mchawi kamili.

Tulichofanikiwa ni kimoja, Dokta Mushi hakusaini siku hiyo. Alisubiri Jumanne, siku ya daktari bingwa. Yule mama bingwa alibonyeza palepale nilipobonyeza, akamrukisha mara moja, akaweka picha ya Hamza pembeni. Akatueleza kwamba ufa wa mfupa uliochoshwa na mbio mara nyingi hauonekani kwenye picha mpaka wiki kadhaa zipite, mfupa unapoanza kujiziba. Mapigo thelathini na nane, akasema, sehemu ni mazoezi na sehemu ni njaa: mwili usioshiba hubana kila kitu, unapunguza mapigo, unafunga siku za mwezi, unachota kwenye mifupa. Moyo ulikuwa mzima ila ulikuwa unalalamika kwa niaba ya mguu, na mie nikiwa naimba sikuusikia. Akaandika: moyo hauna tatizo, asikimbie mpaka mfupa upone. Ijumaa ikapita. Kambi ikaenda bila Paskalina.

Wiki ya tatu alirudi kwa picha ya pili, kwa kulazimishwa na mjomba. Hamza alikuja mwenyewe chumbani kwangu na picha ile, hakunitania hata neno. Ule mstari ulikuwepo, mwembamba, na uvimbe mdogo mweupe pembeni yake. Mfupa ungekatika kambini, kwenye mlima, mbele ya kocha. Paskalina aliitazama muda mrefu. Akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye kitanda changu, foleni isubiri. Foleni ikasubiri.

Siku hiyo nilimfundisha kujipima mapigo kabla ya kutoka kitandani asubuhi: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, usidanganye. Nikamwambia ale: uji wa ulezi, mtindi, dagaa, ugali wa mtu mzima. Mwalimu Safari aliisimamia sufuria kama anasimamia mtihani wa taifa. Kila asubuhi simu yangu ililia namba tupu, bila salamu. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Asubuhi moja akaandika arobaini na sita, akauliza kama moyo umekuwa mvivu. Nikamjibu moyo umeshiba. Mwezi uliofuata aliandika namba, na chini yake maneno mawili: “Nimeziona.” Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, mume wangu akadhani tumefunga tena.

Hamza ndiye aliyebandika lile bango mlangoni kwenu, lenye maandishi WEKUNDU KULIA, NJANO KUSHOTO, ASIYEAMINI AMUULIZE BI ZAINABU. Mlinikuta nalo mkadhani ni mzaha wa zamani. Msiliondoe. Mkishangilia, shangilieni baada ya kukagua mstari wa kwanza.

Mwaka huu, mwezi wa mwisho kabla sijastaafu, kulikuwa na mbio za barabarani, kilomita ishirini na moja, zinaishia Tegeta. Mwalimu Safari alinipigia, akasema nikikosa hatanisamehe. Nikaenda na khanga yangu, chupa ya uji wa ulezi mkononi, nikasimama kwenye kamba ya mwisho tangu jua linachomoza. Wakapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, sikuwaona hata sura. Kisha nikamwona yeye anakuja, na macho yangu, Mungu anisamehe, hayakwenda usoni. Yalikwenda miguuni. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawa kwa sawa, hakuna unaoonewa huruma. Nilipiga kelele mpaka jirani yangu akahama.

Alimaliza wa nne. Hakuuliza muda wake. Watu wanampigia makofi, mwingine anataka picha, yeye akaja moja kwa moja kwenye kamba, akanishika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake, midomo inahesabu kama nilivyomfundisha. Dakika nzima, hakudanganya.

“Mama, mia na thelathini na mbili,” akasema. “Na hujakimbia hata hatua moja. Kaa chini.”

Nikautazama mkono alioushika. Ulikuwa wa kulia.

“Huo wa wekundu,” nikamwambia, nikampa wa kushoto. “Hesabu upya.”